Anayekoroma Bandani

Mwenyekiti alifika nyumbani ndani ya boksi la katoni, macho makavu, upanga mwekundu, kidari mbele kama anayekwenda kufungua mkutano. Kanuni inasema kuku mgeni atengwe siku 30, ahudumiwe wa mwisho baada ya wenyeji, na viatu vinavyoingia kwake visiingie kwa wengine. Nilimtenga siku tatu. Alionekana mzima, na kujenga kibanda kizima kwa ajili ya kuku mmoja niliona ni kufuja mbao. Siku ya nne nikamwachia kwa wale 11. Walipigana nusu saa, akashinda wote, akapanda kichanja cha juu, na cheo chake kikapatikana hapohapo.

Siku ya 18 Karani, mmoja wa wale 11, akapiga chafya.

Chafya ya kuku haina makelele. Ni "chsi" fupi na kichwa kutikiswa, kama mtu aliyeingiwa na maji puani. Moja moja ni vumbi la chakula tu. Nilipohesabu saba kabla chai yangu haijapoa, nikajua si vumbi. Kesho yake walikuwa watatu, na Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na povu jeupe kwenye kona ya jicho, dogo kama tone la sabuni, na matundu ya pua yamelowa hadi pumba zimegandia juu yake. Usiku, walipokwisha kupanda vichanjani na banda likatulia, nilisikia ile sauti ambayo wafugaji huiita kukoroma: mkwaruzo wa makamasi kila pumzi inapoingia na kutoka, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija.

Bajeti yangu ya matibabu ilikuwa sifuri, na nilikusudia kutoivuka.

Kabla ya kuharibu chochote nilifanya jambo moja la maana, na nalitaja mapema kwa sababu halitajirudia hivi karibuni. Nilimkagua kila kuku kwa tochi. Kumfungua kuku mdomo ni rahisi ukijua: mkono wa kushoto ushike kichwa kwa nyuma, kisha wa kulia uvute ndevu zake taratibu kwenda chini, na mdomo wa chini unafuata wenyewe. Nyuma ya ulimi utaona mpasuko mdogo unaofunguka na kufumba. Huo ndio mlango wa hewa. Uukumbuke, utarudi kunitia aibu.

Nilichokuwa natafuta ni hiki. Nyuso zingekuwa zimevimba na pua zinatoa usaha unaonuka vibaya, ningesema ni ile koriza, mafua makali ambayo hujitokeza siku moja hadi tatu tu baada ya kuku kuambukizwa. Shingo zingekuwa zimepinda, kinyesi cha kijani, na kuku wanakufa mmoja baada ya mwingine, hicho ni kideri, na kideri hakina dawa. Kina chanjo tu, nayo hutolewa kabla. Matone ya damu ukutani na kuku ananyoosha shingo juu kutafuta hewa ni uvimbe wa koo wa virusi. Utando wa njano mdomoni ni ndui iliyoingia ndani. Minyoo miekundu kwenye koo, iliyoungana dume na jike kama herufi Y, humfanya kuku apige miayo mchana kutwa bila kutoa kamasi. Na wakifa wengi kwa ghafla, matibabu ya nyumbani yaishie hapo: usichinje, usigawe, usiguse mizoga kwa mikono mitupu, mwite mtaalamu wa mifugo, kwa sababu mafua ya ndege humpata na binadamu.

Wangu hawakuwa na lolote kati ya hayo. Walikula, walitaga, walikoroma. Povu la jicho, chafya, mkwaruzo, na kuenea polepole baada ya mgeni kuingia: hiyo ni mikoplazma, bakteria wa njia ya hewa anayejificha mwilini siku 6 hadi 21 kabla ya kujitangaza. Nilihesabu nyuma hadi siku niliyomwachia Mwenyekiti bandani, nikapata 14. Nikamtazama. Akanitazama kwa jicho moja, lile lisilo na povu.

Utambuzi ulikuwa sahihi. Kilichofuata ni matibabu, na matibabu yalianzia kwenye droo ya chumbani.

Humo kulikuwa na vidonge vinne vya amoksisilini vilivyobaki tangu niumwe jino. Nilivifungua, nikamimina unga kwenye maji ya kuku, nikajisifu. Siku tatu zikapita, hakuna kilichobadilika isipokuwa droo. Sababu haihitaji maabara: mikoplazma ni bakteria asiye na ukuta wa seli, na amoksisilini kazi yake yote ni kuharibu ujenzi wa ukuta huo. Nilimtuma fundi wa kubomoa kwenye nyumba ya turubai. Juu ya hayo, dozi ya kubahatisha huwafundisha usugu bakteria wengine waliomo tumboni mwa kuku, na hao baadaye wanaweza kuhamia kwa mwenye kuku.

Basi nikaamua tatizo ni baridi. Banda langu ni mita mbili kwa mbili, na chini ya paa kuna mwanya wa sentimita 15 kuzunguka pande zote, umefunikwa kwa wavu. Aliyelijenga alijua alichokuwa anakifanya. Mimi nikachukua magunia, nikauziba mwanya wote, kisha nikapigilia karatasi ya nailoni juu ya wavu wa dirisha. Nilipomaliza nikagonga ukuta kwa kiganja. Hakuna upepo hata wa kuzima kibiriti.

"Baba watoto," mke wangu akasema kutoka mlangoni, "na wao watapumulia wapi?"

Nikamweleza kwamba mgonjwa wa mafua hufunikwa.

Siku iliyofuata nikaleta mvuke. Lita tano za maji yanayochemka, majani ya mkaratusi, sufuria katikati ya banda juu ya tofali, mlango umefungwa dakika 20. Nilipofungua, kuku 12 walitoka mmoja mmoja wakiwa wamelowa, manyoya yamelala, kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Mvuke nao haukutoka nao. Ulibaki kwenye maranda ya mbao sakafuni, ambayo yaligeuka kahawia na kuanza kushikana na soli za viatu.

Maranda yakilowa yakaushwe, sivyo? Nikaleta majivu. Ndoo mbili za majivu ya kuni, nikayasambaza, nikachanganya kwa reki hadi chini. Jioni hiyo nilipoingia kuokota mayai, macho yakaniwasha, machozi yakanitoka, pua ikafunguka kama bomba. Nikatoka nje nikipiga chafya mfululizo, furaha imenijaa. Nilimwambia mke wangu: dawa inafanya kazi, unaisikia mpaka kwenye macho.

Siku mbili baadaye kuku tisa walikuwa wakikoroma. Nami nikaanza kukohoa, nikatangaza kwamba wameniambukiza. Mikoplazma ya kuku haimshiki mtu, hilo nilikuwa nalijua vizuri, lakini mtu akishaanza kujihurumia hasomi tena.

Hapo ndipo nilipoivuka bajeti. Nilinunua pakiti moja ya tailosini, dawa ya kuua bakteria kwa mifugo, gramu 10, maelekezo yakisema gramu 10 kwa lita 20 za maji, siku tatu hadi tano. Soma pakiti yako mwenyewe, maana nguvu ya unga hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Nilichagua tailosini kwa sababu inawafikia bakteria wasio na ukuta, na nikaiacha enrofloksasini dukani kwa makusudi. Dawa hiyo iko kwenye kundi linalohitajika sana kwa binadamu. Marekani iliiondoa kwenye matumizi ya kuku mwaka 2005 baada ya bakteria sugu kuanza kuonekana kwa watu.

Sasa hesabu. Kuku mzima hunywa takriban mililita 250 kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Kuku 12 ni lita tatu. Ukichanganya lita 20 kama pakiti inavyosema, unamwaga 17, na dawa hii haitakiwi kulala kwenye maji zaidi ya saa 24. Kwa hiyo unahitaji gramu moja na nusu kila asubuhi, na mizani ya jikoni inayopima gramu moja moja haiwezi kukupa hiyo nusu. Kijiko cha chai ndicho hatari kuliko vyote: kikiwa kimejaa kwa kilima kinaweza kubeba mara mbili ya kile kilichosawazishwa.

Njia ninayoiamini ni ya rula. Tandaza karatasi nyeupe mezani, mimina pakiti nzima, usawazishe unga kwa ukingo wa rula hadi uwe mstari wa sentimita 20, upana mmoja na unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Gramu 10 kwa sentimita 20 maana yake kila sentimita ni nusu gramu, na kila sentimita ni lita moja ya maji. Lita tatu, kata sentimita tatu kwa wembe. Siku tano zinachukua sentimita 15, na tano zinabaki kwa ajili ya ajali.

Nilichukua robo saa kuutengeneza mstari huo. Ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya meza, jicho moja nimefumba, napima unene kama fundi wa vigae. Nikakata kipande cha kwanza, nikakisogeza pembeni. Nikanyanyua wembe kukata cha pili.

Nikapiga chafya.

Haikuwa "chsi". Ilikuwa ya mtu mzima aliyekula vizuri. Wingu jeupe likapanda, likasimama kidogo juu ya meza kama linafikiri, likashuka juu ya mkate, juu ya miwani yangu, juu ya paka. Kwenye karatasi zilibaki sentimita nne hivi, na zenyewe zimepinda. Unga uliomwagika haukusanywi: hujui tena ni kiasi gani, na umeshachanganyika na makombo. Nikafuta meza kwa kitambaa kilicholowa, nikatupa mkate, nikanawa mikono kwa sabuni, maana dawa hii huwasha ngozi za baadhi ya watu. Paka naye akafutwa, kwa gharama ya vidole viwili. Pakiti ya pili niliipima nikiwa nimejifunga kitambaa puani kama jambazi, na vipande vyote vitano vikaingia kwenye vikaratasi vilivyokunjwa kabla sijavuta pumzi ya pili.

Nikachanganya dawa. Asubuhi nikaweka ndoo ya bati jua kali, karibu na banda, na mchana lita tatu zilikuwa bado ni lita tatu. Kuku walikuwa wanakunywa kwenye dimbwi chini ya bomba la kufulia. Nani anywe maji machungu wakati ya sabuni yapo bure? Dimbwi likafukiwa, ndoo ikabadilishwa kwa chombo cha plastiki kivulini, na kuanzia hapo nikawa naondoa maji mengine yote usiku ili alfajiri, wanaposhuka na kiu, wakute yenye dawa peke yake. Ningekuwa natumia oksitetrasaiklini ningelazimika pia kuondoa chokaa ya maganda kwenye chakula kwa siku hizo, kwa kuwa kalisi huikamata dawa tumboni na kuitoa nje kama ilivyoingia.

Kasoro moja ya dawa ya majini ni kwamba anayeumwa zaidi ndiye anayekunywa kidogo zaidi. Mwenyekiti alikuwa ameacha kunywa. Akasimama kwenye kona, shingo ndani ya mabega, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi. Nikaamua kumnywesha kwa bomba la sindano, lile la mililita tano, bila sindano bila shaka.

Nilimkumbatia kifuani kwa nguvu ili asiponyoke. Kosa la kwanza. Kuku hana kiwambo kati ya kifua na tumbo kama sisi. Anapumua kwa kusukuma mfupa wa kidari mbele na nyuma, na ukimbana kidari unamfungia hewa. Upanga wake ulianza kubadilika kuelekea zambarau. Nikalegeza. Nikamfungua mdomo, nikaelekeza bomba moja kwa moja katikati ya ulimi, nikabonyeza zote tano kwa mkupuo. Kosa la pili, na unakumbuka kilichoko nyuma ya ulimi.

Mwenyekiti alikohoa. Sikujua kuku anaweza kukohoa hivyo. Mililita tano zilirudi zote, na nyongeza, zikanipiga usoni kuanzia paji hadi kidevu, nami kwa bahati mbaya nilikuwa nimeacha mdomo wazi nikimwambia "tulia mama". Tailosini ni chungu kuliko mwarobaini. Alirukia begani kwangu, akapanda kichwani, akajisaidia, akashuka kwa heshima zote. Mke wangu aliyekuwa amekuja kusaidia alilazimika kuketi chini.

Namna inayofaa ni hii, na tangu hapo sijamwagiwa. Mviringishe kuku kwenye taulo, mabawa yakiwa ndani, kidari kikiwa huru. Mkalishe wima juu ya mapaja. Usimfungue mdomo kabisa. Weka tone moja kwenye ukingo wa mdomo, pembeni, pale mdomo wa juu na wa chini vinapokutana. Litaingia lenyewe, naye atalimeza. Subiri ameze, ndipo uweke lingine. Mililita tano huchukua dakika nne au tano. Kama una redio, washa.

Yote hayo nikayafanya, siku mbili zikapita, na chafya zikapungua kidogo tu. Mkwaruzo uko palepale. Nikampigia daktari wa mifugo. Akaniambia jambo la busara: nirekodi sauti za usiku, dakika 30, bila taa wala maongezi, nimtumie, kwa sababu mchana makelele hufunika kila kitu.

Niliingia bandani saa tatu usiku. Nikaegesha simu juu ya kiota, nikabonyeza kurekodi, nikakaa juu ya gunia la maranda nikiegemea ukuta ili nisiwashtue kwa kutoka. Joto lilikuwa zuri. Nikakumbuka nilivyoziba kila mwanya, nikajipongeza. Kichwa kilikuwa kizito kidogo, macho yakinichoma, nikayafumba ili yapumzike.

Mke wangu aliniamsha saa nne kasoro kwa kunimulika tochi. Kichwa kiliniuma kama nimepigwa. Rekodi ilikuwa imekamilika, nikaituma bila kuisikiliza.

Asubuhi daktari akapiga simu.

"Mzee, nimeisikiliza yote. Kuna mmoja ana mkwaruzo wa juu, kwenye koo. Kuna kama wanne wanapiga chafya. Hao sawa, ni kama ulivyosema. Ila huyu mwingine, mwenye sauti nzito, anayekoroma halafu anakatika sekunde kadhaa halafu anarudi kwa kishindo, ana kilo ngapi?"

"Atakuwa Mwenyekiti, daktari. Kilo mbili kasoro."

"Hapana, huyu amezidi. Ni jogoo?"

"Sina jogoo."

Kimya. Kisha: "Dakika ya 22 amesema 'zima taa'."

Mke wangu, aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia, alikwenda jikoni na kufunga mlango. Nilimsikia akicheka mpaka akapaliwa.

Daktari naye alijikaza, akaanza kuniuliza maswali, na yote yalikuwa ya kwangu, si ya kuku. Macho yaliwasha? Yaliwasha. Kichwa? Kiliuma. Kikohozi kilianza lini? Baada ya kuwekeza katika nailoni. Maranda yana unyevu? Yana majivu? Mwanya wa juu uko wazi? Nikajibu hadi nikaishiwa sauti.

"Basi toka humo," akasema, "na wao watoe. Mnaumwa kitu kimoja."

Kinyesi cha kuku kina asidi ya yuriki, na bakteria walioko kwenye maranda huivunja kuwa amonia. Wanahitaji vitu viwili, unyevu na joto. Mvuke wangu uliwapa unyevu, magunia yangu yakawapa joto. Majivu ndiyo yaliyokamilisha kiwanda: majivu ni alkali, na alkali huifukuza amonia kutoka kwenye maranda iingie hewani. Laiti ningenyamaza tu na kulala, ingekuwa afadhali. Njia ya hewa ya kuku ina vinyweleo vidogo sana vinavyofagia kamasi na vijidudu kwenda juu, na amonia huvilemaza. Kwenye sehemu 25 kwa milioni hewani madhara tayari yapo, na pua ya mwenye banda huwa imeshazoea, haisikii tena. Mikoplazma iliyokuwa inajikalia kimya kwa kuku mmoja inapata barabara iliyo wazi. Tailosini ilikuwa inafanya kazi yake mchana, mimi nikiiharibu usiku.

Tiba halisi haikununuliwa dukani. Niling'oa nailoni na magunia, mwanya wa sentimita 15 ukarudi pande zote. Uko juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala, na hapo ndipo unapotakiwa: hewa chafu inapanda na kutoka, na upepo hauwapigi mgongoni. Kuku ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi na koti la manyoya. Kinachomuua ni unyevu na hewa mbaya kabla ya baridi. Maranda yote yakatolewa hadi sakafu ionekane, kuku wakiwa nje, nami nimelowesha kidogo juu ili vumbi lisiruke. Nikaacha wazi siku nzima, nikaweka mapya makavu, kina cha sentimita saba hivi.

Sasa nayapima kwa mkono kila baada ya siku mbili. Nachota konzi, nakamua, naachia. Yakibaki donge, yamelowa, nayatoa hasa chini ya vichanja na kuzunguka chombo cha maji. Yakisambaa taratibu, yako sawa. Yakipeperuka kama unga, yamekauka mno, na vumbi nalo ni adui wa pua. Kisha napiga magoti, nainamisha kichwa hadi urefu wa kichwa cha kuku, sentimita 30 kutoka chini, navuta pumzi tatu. Napima asubuhi kabla ya kufungua mlango wote, kwa sababu nikisimama wima, ninachonusa mimi si wanachonusa wao. Majirani wameshaacha kuuliza.

Nikamaliza siku tano za dawa bila kukatisha, ingawa siku ya tatu tangu hewa irudi chafya zilikuwa zimepungua kutoka nisizoweza kuhesabu hadi nne kwa robo saa. Siku ya saba nikapata moja, na nadhani ilikuwa ya vumbi. Mwenyekiti alirudi kichanja cha juu siku ya sita, akampiga Karani kwa kukalia nafasi yake. Mayai ya siku zote za dawa, pamoja na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti, yalifukiwa. Hata paka hakupewa. Tumemwonea vya kutosha.

Mikoplazma haitoki kabisa. Dawa huizima, haiing'oi, na kuku aliyepona huibeba maisha yake yote na kuipitisha hata kwenye yai. Ndiyo maana wale 12 hawauzwi wakiwa hai, hawagawiwi, mayai yao hayaatamishwi, na hakuna mgeni anayeingia kwao. Watazeeka pamoja. Kuku wapya, siku nikiwataka, wataanza banda jingine mbali, na nitawahudumia hao kwanza asubuhi, wale wa Mwenyekiti mwisho.

Daktari aliniuliza kama ninahitaji kitu kingine. Mke wangu akachukua simu kabla sijajibu.

"Daktari, na huyu mkubwa, wa dakika ya 22?"

Sikusikia aliloambiwa. Jioni ile nilipoingia kulala nilikuta pazia limefungwa upande mmoja, na dirisha la juu, lile ambalo halijafunguliwa tangu tuhamie, liko wazi. Alikuwa amesimama juu ya kiti, rula mkononi, anapima mwanya.

"Kumi na tano," akasema, akashuka.